Injini hii ni ya nani? Kuamua ugomvi wa kunakili na upendeleo katika shindano la injini za chesi

Shindano la injini za chesi, yaani programu za kompyuta zinazocheza chesi zenyewe, likifika raundi ya tatu, malalamiko huja mawili kwa mpigo: "mechi hazikuwa za haki" na "hiyo injini si yake." Mara nyingi hutoka mdomo mmoja, wa aliyefungwa. Kazi ya kwanza ya mwandalizi ni kuyatenganisha. Lalamiko la kwanza linahusu mashine, saa na nafasi za kuanzia, na dawa yake ni kupima. La pili linahusu utunzi, na halitatuliki bila kuuangalia msimbo. Ukiyachanganya utamwita mtu mwizi kwa sababu tu programu yake ilikusanywa (yaani msimbo uligeuzwa kuwa faili la kuendeshwa, compile) vizuri zaidi.

Maelezo haya ni ya vikundi vidogo, kama wanafunzi wa Tudor hapa Mombasa au vijana wanaokutana Kizingo na laptopu zao: injini sita hadi kumi na mbili, kompyuta moja au mbili, zawadi ya kawaida tu.

Tamko kabla ya mechi

Chukua tamko la maandishi kwa kila mshiriki wiki moja kabla. Usiulize "injini ni yako?" maana kila mtu atasema ndiyo, na wengi watakuwa wanaamini hivyo. Uliza kipande kwa kipande: nani aliandika sehemu inayozalisha hatua, nani aliandika utafutaji (unaozitazama hatua za mbele), nani aliandika tathmini (inayoipa nafasi alama). Kama kuna mtandao wa neva, yaani tathmini inayojifunza kutoka kwa data, nani aliufunza, kwa programu gani, na kwa data ya nani. Kwa kila kipande jibu liwe moja kati ya matatu: nimeandika mwenyewe kwa akili yangu, nimeandika mwenyewe nikifuata maelezo yaliyo wazi kwa wote, au nimechukua msimbo wa fulani na jina lake ni hili.

Tofauti ya jibu la pili na la tatu ndiyo inayoleta kelele. Mbinu hazina mwenyewe. Kupogoa kwa alfa-beta, kuruka zamu ili kupima kama nafasi bado ni nzuri, kupunguza kina kwa hatua zilizo mwishoni mwa orodha, yote hayo ni mali ya umma na yameelezwa mara elfu. Mtu akisoma jinsi Stockfish, injini mashuhuri yenye msimbo wazi, inavyofanya kisha akafunga faili na kuandika lake, hajaiba. Akifungua faili mbili kando kwa kando na kubadili majina ya vigezo, huo ni unakili hata kama lugha ya programu imebadilika kutoka C++ kwenda Rust.

Data nayo watu huisahau. Stockfish yenyewe hufunza mitandao yake kwa data ya injini nyingine, Leela Chess Zero, na inalisema hilo waziwazi. Kutumia data ya mwingine si kosa pale leseni inaporuhusu. Tatizo ni kukaa kimya.

Hapo lazima mwandalizi aelewe mambo mawili ambayo wengi huyafanya moja: leseni na kanuni ya shindano. Stockfish iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, kama ilivyokuwa injini ya Fruit 2.1 ya mwaka 2005. GPL inakuruhusu kubadilisha na hata kuuza, ila ukimpa mtu programu umpe na msimbo wake, na uache leseni na majina ya watunzi mahali pake. Ndiyo maana kampuni ya ChessBase ilipoanza kuuza Fat Fritz 2 mwaka 2021, ambayo ilikuwa Stockfish yenye mtandao tofauti, hoja ya watunzi wa Stockfish waliokwenda mahakamani Munich haikuwa kwamba kuuza ni haramu, bali kwamba masharti ya leseni hayakufuatwa. Pande mbili zilipatana Novemba 2022.

Kanuni ya shindano ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kufuata GPL herufi kwa herufi na bado injini yake isifae, kwa sababu shindano linataka kazi ya mikono yake. Kesi ya injini ya Rybka ilikuwa ya namna hiyo: Juni 2011 ICGA, chama cha michezo ya kompyuta, kiliinyang'anya mataji ya dunia ya 2007 hadi 2010 kwa kuwa kanuni zake zilitaka kila aliyechukua msimbo wa kuchezea wa mtu mwingine amtaje, na injini za Fruit na Crafty hazikutajwa.

Kwa kikundi kidogo, njia nyepesi ni kufungua madaraja mawili. Daraja la asili: utafutaji na tathmini vyote vya mtunzi. Daraja la mahuluti: chukua unachotaka, mradi umetaja na leseni inakubali. Kwa injini za mitandao ya neva mnaweza kuazima kanuni iliyotumika TCEC, shindano kubwa la injini, ya mbili kati ya tatu: msimbo wa kufunza, mtandao wenyewe, na programu inayouendesha, angalau viwili viwe vyako. Daraja la mahuluti likiwepo, nusu ya ugomvi huisha kabla haujaanza, maana aliyechukua Stockfish na kuirekebisha ana mahali pa kukaa bila kudanganya.

Mwishowe kila mtu alete msimbo wake kwenye hifadhi ya git, na mwandalizi ndiye akusanye programu zote, kwenye kompyuta ileile itakayochezewa. Kisha chukua alama ya kila faili kwa amri ya sha256sum na uzitume zote kwenye grupu la WhatsApp kabla ya raundi ya kwanza. Asiyetaka msimbo wake uonekane na wote amwachie mwandalizi peke yake, na mwandalizi akae nao kama amana.

Kuweka usawa wa mechi

Kosa linaloonekana sana ni programu moja kukusanywa kwa AVX2 (maagizo ya kasi ya kichakataji) na nyingine kwa maagizo ya kawaida. Kwa injini yenye mtandao wa neva, tofauti hiyo peke yake inaweza kuipunguzia kasi kiasi cha kuigeuza ikawa injini nyingine. Ndiyo sababu ya kutaka mwandalizi akusanye zote, kwa -march=native.

Mechi zenyewe ziendeshwe na cutechess-cli, programu ya kuzikutanisha injini. Amri ya kuanzia iwe hivi:

cutechess-cli -engine cmd=./papa name=Papa -engine cmd=./kaa name=Kaa -each proto=uci tc=10+0.1 option.Hash=64 option.Threads=1 -openings file=nafasi.epd format=epd order=random -games 2 -repeat -rounds 250 -concurrency 3 -pgnout mechi.pgn

Hapo kila injini ina sekunde 10 na nyongeza ya sehemu moja ya kumi kwa kila hatua. Kila nafasi ya kuanzia inachezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi, ili nafasi inayompendelea mweupe isimfae mmoja tu. Jumla ni mechi 500. Namba 3 baada ya -concurrency ni mechi zinazokwenda kwa pamoja; inafaa kompyuta yenye kori nne halisi, moja ikibaki kwa mfumo. Usihesabu kori za bandia. Vitabu vya ufunguzi vya washiriki vizimwe, na kufikiri kwa zamu ya mpinzani kuzimwe pia, la sivyo injini mbili zitagombania kori moja.

Joto la hapa Mombasa si jambo la kupuuza. Wakati wa kaskazi, laptopu iliyowekwa juu ya meza yenye kitambaa, chumba hakina feni, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Pima: endesha injini moja kwa kina kilekile ukiwa ndiyo kwanza unawasha, andika idadi ya nodi (nafasi inazozitazama) kwa sekunde, halafu rudia baada ya nusu saa ya mechi. Ikishuka zaidi ya asilimia tano, punguza mechi za pamoja hadi mbili na uinue laptopu juu ya kitu ili ipate hewa. Stima ikikatika, laptopu huhamia betri na kasi hubadilika papo hapo. Simamisha. Mechi zilizokuwa zikichezwa zirudiwe jozi nzima, si ile mechi moja iliyokatika.

Aliyefungwa kwa muda hulalamika kuliko aliyefungwa kwa mati. Hesabu kwenye faili la PGN, lenye rekodi za mechi, ni mechi ngapi ziliisha kwa muda. Injini isiyoacha akiba ya milisekunde chache kwa mawasiliano itapoteza nyingi kwa saa hiyo ya 10+0.1, na kama injini moja tu ndiyo inayopoteza, kosa ni la mtunzi wake. Zikipoteza zote, kompyuta imelemewa.

Halafu kuna hesabu ambayo ingenyamazisha mabishano mengi. Mechi 100 kati ya injini zinazolingana zina shaka ya takriban Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji) 55 juu na chini. Mechi 500 hushusha shaka hiyo hadi karibu 24, na 1000 hadi 17. Kwa hiyo anayedai kuonewa kwa sababu alishinda nyumbani 12 kwa 8 na hapa akafungwa 9 kwa 11 hajaonewa na mtu. Hizo namba mbili hazipingani hata kidogo.

Malalamiko ya kunakili yakija

Mlalamikaji aandike: injini ipi, kipande kipi, kimetoka wapi. "Inacheza kama Stockfish" haipokelewi. Injini zote zenye nguvu hukubaliana kwenye nafasi nyingi kwa kuwa hatua nzuri mara nyingi ni moja.

Anza na jaribio la dakika tano. Weka thredi moja na hashi (kumbukumbu ya injini) sawa kwa mtuhumiwa na kwa injini inayodhaniwa kuwa asili, kisha upe kila moja amri hizi: ucinewgame, position startpos, go depth 14. Soma idadi ya nodi kwa kila kina. Injini mbili zilizoandikwa na watu wawili hazitoi namba zilezile kina baada ya kina. Zikilingana hadi tarakimu ya mwisho, kilichobadilishwa ni jina tu, na kesi imekwisha. Zisipolingana, hujathibitisha chochote, maana kubadili kigezo kimoja kunatosha kuzivuruga.

Angalia pia faili la mtandao. Stockfish huipa mitandao yake majina yanayoanza na nn- yakifuatwa na herufi 12 za mwanzo za alama ya SHA-256 ya faili lenyewe. Mtu akilibadilisha jina faili likawa simba.nnue, sha256sum itatoa herufi zilezile. Akigusa baiti moja alama hubadilika yote, lakini hapo faili mbili zikilinganishwa baiti kwa baiti zitakuwa karibu pacha, na uzito wa mtandao haufanani kwa bahati.

Jaribio la kufanana kwa hatua, lile lililoenezwa na chombo cha Don Dailey chenye nafasi zaidi ya 8000, lina kazi moja: kukuonyesha pa kutazama. Chagua nafasi tulivu zenye hatua kadhaa zinazofaa, ipe kila injini milisekunde 100, uhesabu ni mara ngapi zimechagua sawa. Kabla ya kumtazama mtuhumiwa, linganisha kwanza injini kumi zisizo na undugu, ujue kiwango cha kawaida. Usiweke asilimia fulani iwe ndiyo hukumu. Tangu mitandao ya neva ienee, injini mbili zilizofunzwa kwa data moja hufanana bila mstari mmoja wa msimbo kunakiliwa.

Kinachohukumu ni msimbo, na hapo ujue kwanza kisicho ushahidi. Hesabu za perft (idadi ya njia zote za hatua kwa kila kina) kutoka nafasi ya mwanzo, yaani 20, 400, 8902, 197281, 4865609, lazima zilingane kwa kila aliyeandika sheria za chesi sawasawa. Namba 781 za nasibu za vitabu vya ufunguzi vya Polyglot ni za mfumo wa faili wenyewe. Majedwali ya PeSTO, ya thamani za vipande kwa kila mraba, yapo kwenye injini nyingi za wanaoanza. Yatajwe kwenye tamko, basi.

Ushahidi wenye uzito ni ule usio na sababu ya kuwepo: kosa lilelile, namba ya ajabu ileile, mstari uliokufa usiofanya kazi. Mfano mashuhuri ni wa Rybka 1.0 Beta. Fruit ilihesabu muda kwa namba za desimali, kwa hiyo kulinganisha na 0.0 kulikuwa na maana. Rybka ilihesabu kwa namba nzima, lakini ndani yake wachunguzi walikuta muda ukilinganishwa na 0.0. Anayeandika kutoka mwanzo kwa namba nzima hana haja ya desimali pale. Tafuta vitu vya namna hiyo, na utafute zaidi ya kimoja.

Mwisho mpe mtuhumiwa nafasi ya kuonyesha. Kaeni naye nusu saa, mashine mbele yake, umwombe kazi ndogo: aongeze alama za ziada kwa ngome iliyo kwenye safu wazi, aondoe upunguzaji wa kina kwa hatua zinazomshambulia mfalme (cheki), akusanye, aendeshe. Mwenye kazi yake hufungua faili sahihi bila kupapasa. Jaribio hili linawafaa hasa walioandikiwa msimbo na akili bandia, ambao siku hizi ni wengi: chombo kinaweza kuwatolea mistari ya Stockfish nao wasijue. Asiyeweza kueleza kipande akiandike kwenye tamko kama si chake, ahamie mahuluti.

Waamuzi wawe watatu, wasiwe na injini kwenye daraja hilo. Adhabu ziandikwe kabla ya shindano. ICGA ilimfungia mtunzi wa Rybka maisha, na mwaka 2015 kamati ya maadili ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ikaikosoa kwa adhabu hiyo ambayo kanuni zake hazikuiweka. Kwa kikundi kidogo zatosha ngazi tatu: kurekebisha tamko, kuhamishwa daraja, kuondolewa kwenye shindano hilo na lijalo. Na injini ikiondolewa, mechi zake zote zifutwe kwenye jedwali, si zile ilizoshinda tu. Vinginevyo waliokwisha kuifunga watabaki na pointi ambazo waliokuwa bado hawajakutana nayo hawana pa kuzipata.