Kabla ya mtihani wa Kiingereza: maneno yanayokataa s ya wingi

Wingi wa Kiingereza kwa kawaida ni kuongeza s, basi. Yanayomkamata mtu ni maneno machache yasiyofuata kanuni hiyo, na mengi ni ya kila siku: mtoto, mwanamke, mguu, jino. Kabla ya siku ya mtihani usiyakariri kwa mpangilio wa alfabeti. Yapange kifamilia.

Anza na yale yanayobadili irabu: man huwa men, foot huwa feet, tooth huwa teeth, mouse huwa mice. Mambo haya hayapaswi kututisha sisi wenye jino na meno, jicho na macho. Ila kaa chonjo na woman. Kwenye maandishi kinachobadilika ni irabu ya mwisho, women, lakini sikio husikia badiliko mwanzoni: umoja ni kama "wuman", wingi "wimin". Kwenye imla hapo ndipo watu huanguka. Children nayo imebeba wingi mara mbili: Kiingereza cha kale kilikuwa tayari na wingi wake, cildru, kisha mwisho wa -en, ule ule wa oxen, ukapachikwa juu yake. Ukiandika "childrens" umeongeza wa tatu.

Knife, wife, leaf na thief hugeuza f kuwa v, knives, wives, leaves, thieves, ilhali roof, chief na belief huchukua s tu. Hapa hakuna ujanja, ni kukariri. Potatoes na tomatoes huchukua es. Photos na pianos hazichukui. Sheep hubaki sheep.

Muda wako mwingi, kwa maoni yangu, uweke kwenye maneno yasiyo na wingi kabisa, kwa sababu hapo Kiswahili chenyewe ndicho kinachotuponza. Sisi tuna mzigo na mizigo, taarifa moja na taarifa tatu, kwa hiyo mkono unaandika "luggages" na "informations" bila kusita. Furniture, advice, equipment na homework ni vivyo hivyo: hazina s. Ukilazimika kuhesabu, sema two pieces of luggage. News ina s lakini ni umoja, the news is. Police haina s lakini ni wingi, the police are. Na suruali yako moja, kwa Kiingereza, ni trousers are.

Wa chuo waongeze criterion na criteria, phenomenon na phenomena, crisis na crises. "One criteria" huonekana hata kwenye tasnifu.

Unapojipima, andika sentensi nzima yenye kitenzi, maana wengi hupatia children kisha wakaandika is. Na ukibakiwa na dakika chache chumbani, pitia insha yako ukisaka "advices" na "informations" kwanza. Hizo hujipenyeza mara nyingi kuliko "mouses".