Somo: Kufunga heda ndefu kwenye Silverado 5.3, na bolti 12 zinazoamua kazi nzima

Wakuu, habari za Jumapili. Somo hili nililiahidi zamani, ila sikutaka kuliandika kabla injini haijawaka na kupoa mara kadhaa bila kuvuja. Sasa imetulia, tuanze.

Gari ni Chevrolet Silverado 1500 ya 2005, V8 ya lita 5.3 (LM7), gia otomatiki, haina foo-wili. Ni ya rafiki yangu hapa Columbus, Ohio, na haikanyagi barabara ya umma. Inapandishwa kwenye trela, inakwenda uwanjani kukimbia, inarudi kwenye trela. Nalisema hili mapema kwa sababu heda ndefu, yaani mabomba ya moshi yanayofungwa kwenye injini badala ya manifoldi ya kiwandani, hazibakizi masega (vifaa vya kusafisha moshi) mahali pake, na kwa gari la barabarani hilo ni suala la sheria. Nitalirudia kwenye maswali.

Kwanza, heda inafanya nini? Manifoldi ya kiwandani ni chuma cha kumimina, fupi, silinda nne zote zinatemea moshi kwenye chumba kimoja. Injini hii inawaka kwa mpangilio wa 1-8-7-2-6-5-4-3. Upande wa dereva ziko 1, 3, 5 na 7. Tazameni mwisho wa mpangilio: 3 ikishawaka, inayofuata ni 1, nyuzi 90 tu za kranki (shafti kuu ya injini) baadaye, tena ni majirani. Moshi wa 1 unafungua mlango na kukuta wa 3 bado umejaa ukumbini. Upande wa abiria, wanaosumbuana hivyo ni 2 na 6. Heda ndefu inaipa kila silinda bomba lake, kwa hizi zetu la inchi 1¾, na yote yanakutana mbali huko chini kwenye kolekta ya inchi 3. Moshi unapokimbia ndani ya bomba refu unaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo unaifagia silinda iliyobaki na masalia. Nguvu inatoka hapo. Sauti ni zawadi tu.

Siku moja kabla: bolti

Kila upande una bolti 6 zinazoshika manifoldi kwenye hedi (kichwa cha injini), za M8 nyuzi 1.25. Hedi ni alumini, manifoldi ni chuma. Vikipata moto havitanuki sawasawa, kwa hiyo manifoldi inazivuta bolti za mwisho huku na huku, miaka nenda rudi, mpaka zinakatika vichwa. Ongeza chumvi inayomwagwa barabarani hapa kila theluji ikianguka. Pikapu nyingi za aina hii unazikuta bolti ya nyuma kabisa imeshakatika na mwenyewe hana habari. Anasikia tu tiki-tiki-tiki asubuhi, injini ikipata moto sauti inapotea, anasema gari limezeeka.

Toa matairi ya mbele na zile plastiki za ndani ya mataigadi. Hapo utaziona bolti uso kwa uso, badala ya kupapasa kutoka juu. Gari likae kwenye stendi imara, juu kiasi cha heda kupita chini yake. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila bolti, jioni rudia, ukalale.

Kesho yake tumia soketi ya pembe 6. Ya pembe 12 inakula kichwa. Usivute kwa nguvu moja. Legeza kidogo, rudisha, legeza tena, puliza mafuta, endelea. Mkono utakuambia: bolti inayokuja inakuja kwa ukinzani ule ule mwanzo mpaka mwisho, lakini inayotaka kukatika inakuwa laini ghafla kama inajisokota. Ukiusikia ulaini huo, simama. Rudisha ulikotoka.

Ikikatika

Kwetu zilikatika mbili, zote za nyuma. Moja ilibaki imechungulia kama milimita 4. Tenganisha betri kwanza, umeme wa kuchomelea usije ukaingia kwenye kompyuta ya gari. Vesha washa juu ya kisiki, weka nati juu ya washa, kisha chomelea kwa kujaza ndani ya nati mpaka ishikane na kisiki. Usiogope hedi kushika, risasi ya kuchomelea ni chuma, haing'ang'anii alumini. Halafu acha ipoe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanaikimbilia ikiwa bado nyekundu na nati inang'oka. Sisi tuliacha mpaka nikaweza kuigusa kwa kidole, tukapuliza mafuta, nikaizungusha nyuma na mbele kwa nyuzi chache chache. Ilitoa mlio kama mlango wa zamani, ikaanza kutoka na unga wa kutu wa rangi ya matofali umeizunguka.

Ya pili ilikatikia ndani, sawa na uso wa hedi. Hiyo unaijenga kwa tone juu ya tone la risasi mpaka ipate kimo cha kuvalishwa washa na nati. Ilitaka majaribio manne.

Drili iwe ya mwisho kabisa. Mwaka wangu wa kwanza huku nilitoboa bolti ya gari langu kwa mkono, bila kuweka alama ya katikati kwa senta panchi. Chuma ni kigumu, alumini ni laini, drili ikateleza ikala ukuta wa tundu. Nilipoteza siku mbili kutengeneza nyuzi upya kwa spiringi ya nyuzi. Lile tundu bado nalikumbuka kila nikishika drili.

Bolti zote zikishatoka, pitisha tapu ya M8 (kifaa cha kusafisha nyuzi) kwenye kila tundu, kwa mkono, kisha kwangua uso wa hedi taratibu mpaka ung'ae. Usitumie gurudumu la msasa la kasi. Linachimba alumini, na gasketi haizibi shimo.

Kutoa na kuingiza

Plagi zitoke zote 8. Zikibaki, bomba la heda litazivunja. Upande wa abiria toa starta na bomba la dipstiki ya oili, heda ipande kutoka chini. Upande wa dereva kuna shafti ya usukani njiani. Kabla ya kuitenganisha, piga mstari wa rangi kwenye viungo vyote viwili ili irudi vilevile, nyoosha matairi, na funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke. Ukizunguka huru, utepe wa waya wa eabegi ulio ndani yake unakatika.

Sensa za oksijeni za mbele zinahamia kwenye kolekta, nyuma zaidi ya zilipokuwa, kwa hiyo waya hazitafika. Nunua nyongeza za waya mapema, na zipitishe mbali na bomba.

Gasketi tumia za bati za tabaka nyingi. Zile za karatasi zinazokuja bure kwenye boksi tulizitupa. Anza bolti zote kwa vidole, zote 6, kabla ya kukaza hata moja. Kisha kutoka katikati kwenda nje: mzunguko wa kwanza Nm 15 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), wa pili Nm 25. Ni kidogo kuliko mkono wako unavyotaka, lakini hiyo ni alumini. Plagi zilizotumika zinarudi kwa Nm 15. Waya za plagi zivae soksi za kuzuia joto, na hakikisha hakuna inayogusa bomba.

Washia nje, si ndani ya gereji. Mafuta ya kiwandani yaliyo juu ya heda yataungua na moshi utakuwa mwingi dakika kumi za mwanzo. Huo usikutishe. Sikiliza tiki-tiki. Ikipoa kabisa, kaza tena.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mombasa:* Shikamoo fundi. Niko na Hilux D-4D, nataka hizo heda ndefu. Zitaingia?

Marahaba kijana wangu. Hiyo ina taabo, na taabo imefungwa kwenye manifoldi yenyewe kwa sababu inaishi kwa moshi wa moto uliotoka silinda sasa hivi. Ukiweka mabomba marefu kabla yake moshi unapoa na kupoteza kasi, taabo inachelewa kuamka. Kwako wewe kinachosaidia ni bomba pana baada ya taabo. Manifoldi iache.

*Mwanachama, Dodoma:* Mkuu, na Hilux ya petroli 2.7?

Hiyo inakubali. Ni silinda nne, mpangilio 1-3-4-2, kwa hiyo tafuta heda inayounganisha 1 na 4, kisha 2 na 3, halafu ndipo mabomba mawili yawe moja. Jozi hizo zinapishana mzunguko mzima wa kranki, hazigombani. Na kumbuka usukani wako uko kulia, usinunue heda iliyopindwa kwa gari la usukani wa kushoto.

*Mwanachama, Texas:* Nimefunga kwenye 5.3 yangu, taa ya cheki injini imewaka na P0171. Duka linasema ninunue sensa mpya.

Usinunue bado, kaka. P0171 ni upande wa silinda namba 1, yaani upande wa dereva, na inasema mchanganyiko una hewa nyingi. Pakiwa na tundu kabla ya sensa, kila pigo la moshi likipita linavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni, kompyuta inaongeza mafuta bure. Injini ikiwa baridi, washa, pitisha mpira mwembamba wa maji sikioni kwako na ncha nyingine kando ya gasketi. Tundu litakunong'oneza.

*Mwanachama, California:* Pikapu yangu ni ya kazini kila siku. Nikiondoa masega kuna ubaya gani, nani atajua?

Ndugu, usiondoe. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuviondoa vifaa hivyo kwenye gari la barabarani, na California inadai kila kifaa cha namna hii kiwe na namba ya idhini ya CARB, mamlaka ya hewa ya jimbo hilo. Zaidi ya hapo, moshi usiosafishwa unavutwa na watoto wetu. Kwa gari la kila siku tafuta heda fupi zenye namba hiyo. Zinafungwa pale pale pa manifoldi, masega yanabaki yalipo.

*Mwanachama, Nairobi:* Fundi, nifunge ule utepe wa joto kwenye mabomba?

Kama heda ni chuma cha kawaida, hapana. Utepe ukilowa unashika maji, na bomba linaoza chini yake bila wewe kuona. Afadhali heda zilizopakwa rangi ya joto au za chuma kisichoshika kutu.

*Mwanachama, Arusha:* Umesema kaza tena. Mara ngapi?

Sisi tumekaza mara tatu. Baada ya moto wa kwanza, karibu kila bolti ilizunguka kidogo. Mara ya pili zilizunguka nne, zote za pembeni. Ya tatu hakuna hata moja iliyosogea, ndipo nikarudisha plastiki za mataigadi.