Gego moja limeng'olewa: yaliyobaki uyatunzeje?

Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, huko Kadutu, hapa Bukavu, alirudi kwangu miaka miwili baada ya kung'olewa gego la mwisho la chini, lile la nyuma kabisa wengine huliita jino la hekima. Kidonda kilishapona kitambo. Shida ilikuwa gego la juu: limekosa mwenzake wa kugongana naye, likashuka polepole hadi likaanza kung'ata fizi. Ndiyo maana nikishang'oa moja, huwa tunayazungumzia yaliyobaki.

Hatua ya 1: Kidonda kwanza. Saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara. Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha shimo. Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa glasi ya maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maumivu yakizidi siku ya tatu au ya nne, rudi kwa muganga wa meno.

Hatua ya 2: Hesabu. Shika kioo, washa tochi ya simu. Magego haya ya mwisho kwa kawaida hutoka kati ya miaka 17 na 25, na hayazidi manne kwa watu wengi. Lipi limetoka lote? Lipi limefunikwa nusu na fizi? Lipi halina mwenzake? Usiloliona huenda limelala ndani ya mfupa, na hilo huonekana kwa picha ya eksirei tu.

Hatua ya 3: Mswaki ufike nyuma. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaachama sana, shavu linakaza, mswaki unakosa pa kupita. Fungua mdomo nusu. Tumia mswaki laini wenye kichwa kidogo, hata wa mtoto, uuingize hadi nyuma ya gego, kisha usugue kwa miduara midogo. Kama fizi imelifunika nusu, inamisha nywele za mswaki ziingie chini ya ukingo wake. Mabaki ya bugali na miiba ya sambaza hujificha hapo. Damu kidogo siku za kwanza isikutishe, endelea.

Aspirini usiiweke juu ya fizi: inaunguza. Na vidonge viwili vitatu vya amoksisilini kutoka duka la dawa haviondoi chakula kilichonasa.

Hatua ya 4: Amua na muganga lipi litoke. Gego lililonyooka, lisilouma na linalosafishika, mimi naliacha. Naling'oa likivimbisha fizi mara kwa mara, likioza pasipozibika, au likiinamia jino la jirani na kulifanya lioze kwa nyuma. La chini, uliza kwanza mizizi yake iko karibu kiasi gani na neva ya mdomo na kidevu. Ikiguswa, ganzi yaweza kubaki muda mrefu. Yanayobaki yaangaliwe angalau mara moja kwa mwaka.

Ila ukishindwa kufungua mdomo, uvimbe ukishuka shingoni, homa ikipanda au ukashindwa kumeza mate, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.