Kutofautisha Posamu na Oposamu: Mwongozo kwa Waongoza Wageni wa Usambara Mashariki

Katika misitu ya Amani, wilayani Muheza, hakuna posamu wala oposamu. Hata hivyo, mwongoza wageni yeyote anayetembeza watu usiku mkoani Tanga atayasikia majina hayo mara kwa mara, kwa sababu Mwaustralia na Mmarekani, wakimwona komba kwenye mwanga wa tochi, kila mmoja humfananisha na mnyama wa kwao, kisha hutoa simu, huonyesha picha ya mnyama huyo na kuanza kuuliza. Wanyama hao wawili wote ni mamalia ambao watoto wao huzaliwa wachanga mno na kukua wakiwa wameng'ang'ania chuchu za mama, wengi wao ndani ya mfuko. Lakini ni koo mbili zilizoachana zamani sana, na mtu aliyejizoeza anaweza kuwatenganisha bila ubishi. Utaratibu ninaoufuata mimi ni huu.

Hatua ya kwanza: uliza picha ilipigwa wapi

Oposamu ni wa bara la Amerika, kuanzia Argentina hadi kusini mwa Kanada. Posamu ni wa Australia, New Guinea na visiwa vya jirani, hadi Sulawesi nchini Indonesia. Wako pia New Zealand, ambako walipelekwa na watu kutoka Australia kwa ajili ya biashara ya manyoya na wakastawi kuanzia mwaka 1858, na leo wanahesabiwa kuwa waharibifu wakubwa wa misitu ya huko. Kwa mnyama wa porini, jibu la swali hili linatosha. Halitoshi kwa mnyama wa kufugwa, kwa kuwa posamu wadogo wenye ngozi ya kuelea angani hufugwa majumbani Marekani, na oposamu wadogo wa Amerika Kusini huzalishwa katika maabara za nchi nyingi. Wala halikusaidii ukipewa fuvu lisilo na maelezo.

Hatua ya pili: uache mkia kwanza

Karibu kila mtu huanza na mkia, akiambiwa kwamba oposamu ana mkia mtupu wenye magamba na posamu ana mkia wa manyoya mengi. Kanuni hiyo ni sahihi kwa wawili wanaojulikana zaidi, yaani oposamu wa Virginia, mwenye uso mweupe na masikio meusi membamba yasiyo na nywele, na posamu wa kawaida wa mijini Australia, ambaye mkia wake ni mnene na mweusi. Ukitoka kwa hao, kanuni inavunjika. Kuskusi wa New Guinea ni posamu, na sehemu ya mwisho ya mkia wake haina manyoya kabisa. Na huko Amerika Kusini yuko oposamu ambaye mkia wake umejaa manyoya hadi karibu na ncha. Mkia utumie kama dokezo tu, usiutumie kama hukumu.

Hatua ya tatu: kuza picha uone mguu wa nyuma

Hapa ndipo penye kazi, na ndiyo maana huwaomba wageni picha ambayo mnyama ameshika tawi au ukuta. Kwanza, usihangaike na kidole gumba cha mguu: wote wawili wanacho, hakina ukucha, na hukitumia kushikia matawi. Tazama kidole cha pili na cha tatu, vile vinavyofuata baada ya gumba. Kwa oposamu kila kidole kinasimama peke yake. Kwa posamu, vidole hivyo viwili vimefungwa pamoja ndani ya ngozi moja hadi karibu na ncha, kiasi kwamba unaona kidole kimoja chembamba chenye kucha mbili zilizopangana sambamba. Kucha hizo ndizo anazochania manyoya yake. Picha ikiwa na ukungu, hesabu kucha badala ya vidole. Kucha mbili zinazotoka mahali pamoja huonekana hata pale ambapo ngozi haionekani vizuri.

Hatua ya nne: thibitisha kwa meno

Mnyama akiwa amefunua kinywa, jambo ambalo oposamu hulifanya kwa hiari anapotishwa, au ukiwa na fuvu mkononi, angalia taya la chini kwa mbele. Posamu ana meno mawili makubwa yanayochomoza kuelekea mbele, na nyuma yake kuna nafasi iliyo tupu au yenye vijino vidogo tu kabla ya magego, kwa kuwa wengi wao hula majani, maua na matunda. Oposamu ana safu ya meno madogo ya mbele, 8 chini na 10 juu, yakifuatiwa na chonge kali. Jumla ya meno yake ni 50, hesabu ambayo hakuna mamalia mwingine wa nchi kavu wa Amerika Kaskazini anayeifikia.

Kwa nini nisitosheke na mguu peke yake? Kwa sababu bandikuti, mnyama mdogo mwenye mfuko wa Australia, naye ana vidole vilivyoungana, ilhali meno yake ya mbele ni mengi. Na katika milima ya Andes wako wanyama wadogo wanaofanana na kirukanjia, wenye meno mawili ya chini yanayochomoza mbele, ilhali vidole vyao vimeachana. Hao wote si posamu wala oposamu. Alama mbili zikikubaliana, sema kwa uhakika.

Hatua ya tano: watoto na tabia

Posamu wa kawaida huzaa mtoto mmoja. Ukiona watoto saba mgongoni, huyo ni oposamu. Kuzimia na kulala kama mfu mbele ya adui, huku akitoa harufu mbaya, ni desturi ya oposamu wa Virginia, na si ujanja anaoupanga, bali mwili wake humfanyia hivyo bila yeye kuamua.

Hatua ya sita: mjibu mgeni kuhusu komba

Tumia vipimo vilevile. Mguu wa nyuma wa komba una kucha bapa kama zetu, isipokuwa kidole cha pili kilicho na ukucha mmoja mrefu wa kujichania. Meno yake ya chini ya mbele ni membamba, yamebanana na kulala kuelekea mbele kama kitana. Hana mfuko, na kwa nasaba yuko pamoja na nyani na binadamu, hivyo yeye na mgeni anayemshangaa ni ndugu wa karibu zaidi kuliko yeye na posamu yeyote. Akikuuliza kuhusu kile kinachopiga kelele juu ya miti mikubwa, huyo ni perere, yaani pimbi wa mitini, ambaye mguu wake wa nyuma una vidole vitatu tu. Na kwake yeye, mkia hautakupotosha, kwa kuwa hauonekani.