Jinsi ya kuomba zabuni ya kusimulia nishati safi kupitia NeST

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi ya gesi peke yake haiwezi kufikisha lengo hilo. Lazima mtu akae na mama anayepikia kuni, amsikilize, kisha amsimulie kitu anachoweza kukiamini. Kazi hiyo wizara, wakala na halmashauri wanaweza kuwapa watu wa nje, na wakitaka kununua huduma hiyo kwa fedha za umma mlango ni mmoja: NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki ulioanza kutumika 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kampuni ndogo: watu watatu au wanne, kamera mbili, chumba cha kupanga Sinza. Kampuni kubwa zina mtu wa zabuni anayelipwa mshahara.

Anza na karatasi, kabla hujaona tangazo lolote

Unahitaji usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara inayolingana na kazi unayoomba, na hati ya uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato. Hizi mbili za mwisho zina tarehe ya kuisha, na ndizo zinazoangusha watu. Sisi tuliwahi kutolewa hatua ya awali kabisa kwa sababu leseni ilikuwa imeisha wiki mbili nyuma, andiko letu zuri halikufunguliwa hata ukurasa. Hatukuwa na wa kumlaumu.

Hakikisha pia jina la kampuni ni lilelile kila mahali. NeST inasomana na mifumo ya taasisi nyingine za serikali, hivyo herufi iliyokosewa TRA miaka mitano iliyopita itakurudia leo.

Kujisajili

Ingia nest.go.tz, jisajili kama mzabuni, kisha jaza wasifu wa kampuni: wamiliki, wafanyakazi na elimu yao, vifaa, kazi mlizowahi kufanya, hesabu za fedha. Usijaze haraka haraka ukisema utarekebisha baadaye. Yanayojazwa hapa ndiyo yanayovutwa kwenye zabuni utakazoomba. Chagua kwa makini aina ya biashara, maana ukijiandikisha kwenye uchapishaji peke yake, zabuni za vipindi na kampeni zitakupita.

Kama kampuni ni ya vijana, wanawake, wazee au watu wenye ulemavu, muone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako kuhusu usajili wa makundi maalum. Sheria inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa makundi hayo. Wengi hudhani zabuni hizo ni za vikundi vya kushona sare na kusambaza vyakula tu.

Kutafuta tangazo

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na taasisi huweka mipango yao ya ununuzi ya mwaka kwenye mfumo. Soma mipango hiyo mapema. Wizara ya Nishati, REA (wakala wa nishati vijijini) na TANESCO ndio wa kuanza nao, ila usiwasahau wanaoshughulika na misitu na mazingira, kwa sababu habari ya mkaa ni habari yao pia. (Zabuni za mashirika ya kiraia na balozi haziko NeST. Huko kila mmoja ana utaratibu wake.)

Ukiipata zabuni, angalia kwanza imeitwaje. Kama ni huduma ya ushauri elekezi, watakupima zaidi kwa andiko na watu wako. Kama ni huduma isiyo ya ushauri elekezi, mfano kurekodi na kurusha matangazo, bei ndiyo inayoongea, mradi umetimiza masharti. Wengine huandika kurasa arobaini za falsafa ya mawasiliano kwa zabuni iliyotaka bei ya dakika ya matangazo.

Andiko la kiufundi

Hapa ndipo kazi inapopatikana au kupotea. Soma hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi wanayoitaka, mara tatu, ya mwisho ukiwa na kalamu. Kila sharti lipe jibu lake, kwa mpangilio uleule walioutumia wao, kwa lugha ileile ya nyaraka za zabuni. Mtathmini ana karatasi ya alama mbele yake. Usimtafutishe.

Kisha onyesha kwamba unalijua jiko. Andiko linalosema "tutahamasisha jamii kuhusu umuhimu wa nishati safi" linafanana na mengine yote yaliyo mezani. Andika kile ambacho watu wanakisema kweli: kwamba maharage yanamaliza gesi, kwamba mtungi utalipuka na watoto wamo ndani, kwamba mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa hela ya leo, wakati kujaza mtungi wa kilo 6 kunataka hela ya mkupuo, kwamba jiko la umeme litakula LUKU. Halafu sema kila hofu utaijibu na nani, wapi, kwa njia gani. Mama lishe aliyehama mkaa na anayeweza kutaja matumizi yake ya wiki, akihojiwa redio ya jamii asubuhi, ana uzito kuliko picha kumi za kiongozi akikabidhi mitungi. Picha za kukabidhi nazo watazitaka, ziweke kwenye ratiba, lakini zisiwe ndiyo hadithi.

Eleza pia utawalindaje watu utakaowasimulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo ambatisha fomu ya ridhaa ya Kiswahili chepesi na sema picha mtazihifadhi vipi. Kama mtarusha droni, weka muda wa vibali kwenye ratiba. Havipatikani kwa siku moja.

Watu unaowataja wawe kweli watafanya kazi. Kuazima wasifu wa profesa ambaye hajui hata kama ametajwa ni kujitafutia kufungiwa kushiriki zabuni.

Bei

Weka kila gharama: nauli, posho, mafuta ya gari, muda wa redio, mfasiri wa lugha ya huko mnakokwenda. Angalia kama wanataka bei yenye VAT ya asilimia 18 au isiyo nayo, na kumbuka watakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Hesabu pia miezi ya kusubiri hela. Kama huwezi kuendesha kazi miezi miwili kwa fedha yako, zungumza na benki kabla ya kuomba. Pale bei na ufundi vinapowasilishwa kwa bahasha mbili, usitaje bei hata kwa bahati mbaya ndani ya andiko la kiufundi.

Kutuma

Lisilokuwa wazi liulize ndani ya mfumo, ndani ya muda wa ufafanuzi. Majibu huwafikia wazabuni wote. Usimpigie simu mtu unayemfahamu huko ndani. Saini kwa njia ya mfumo na utume siku mbili kabla, kwa sababu saa ya mwisho ikifika mfumo unajifunga wenyewe, umeme uwe umekatika mtaani kwenu au la.

Baada ya ufunguzi na tathmini, washiriki hupata notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yenye jina la mshindi na sababu zilizowaangusha wengine. Ukiona umeonewa, lalamika kwanza kwa afisa masuuli (mkuu mwenye dhamana ya fedha) wa taasisi hiyo, ndani ya siku zilizowekwa. Usiporidhika, nenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Ukiwa umeshinda, omba kikao cha majadiliano kabla ya kusaini, na humo mkubaliane nani anaidhinisha video na ana siku ngapi za kufanya hivyo.