Kupaka upya rangi gari kuukuu ya porini bila kuifungua yote

Niseme mapema tusipotezeane muda. Kama unataka gari ing'ae mpaka ujione meno kwenye mlango, hapo hamna njia ya mkato, toa vioo, toa milango, toa kila kitu umpelekee fundi rangi mwenye chumba chake. Ila kama gari yenyewe ni mzee wa kazi na wiki ijayo itapita tena kwenye miiba na matope, basi unachotaka ni rangi inayoshika, inayozuia kutu, na ambayo ikichubuka unairekebisha mwenyewe. Hiyo inawezekana gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, ukijua tu nini cha kutoa na nini cha kuacha.

Sheria yangu ni hii: kinachotoka kwa spana au bisibisi ndani ya robo saa, kitoe. Taa zote za mbele na nyuma, indiketa, saidi mira, mikono ya waipa, vitasa, nembo, bampa, spea tairi na kibebeo chake. Milango, boneti, madigadi na vioo vikubwa viache. Mara ya kwanza mimi nilijifanya mjanja, nikazungushia tepu kwenye taa za nyuma badala ya kufungua skrubu mbili mbili, mvua za kwanza tu rangi ikaanza kunyanyuka pale pembeni ya taa kama plasta ya kidonda, maana chini yake kulikuwa na vumbi na mafuta ya miaka ambayo msasa haukufika. Rangi ikianza kubanduka huwa inaanzia kingoni, ndo maana naking'ang'ania sana hiki kipengele. Skrubu zenye kutu zipulizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla, usilazimishe utazikata vichwa, na kila kundi la skrubu liweke kwenye mfuko wake uandike limetoka wapi.

Kioo cha mbele chenye raba usikiguse. Chukua kamba nyembamba laini, ipenyeze chini ya ule mdomo wa raba kuzunguka kioo chote, raba itanyanyuka kidogo nawe utapiga msasa na rangi hadi chini yake. Ukitoa kamba raba inarudi na kufunika mwisho wa rangi. Ila ukinyanyua ukakuta kutu imekula sana, hapo pole, kioo lazima kitoke.

Sasa osha. Sabuni na maji, halafu futa mafuta kwa dawa ya kuondoa grisi KABLA ya msasa, wengi wanaanza na msasa na wanachofanya ni kuyasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo. Tumia vitambaa viwili, kimoja chenye dawa na kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Kuwa makini na ile polishi ya kung'arisha tairi na dashibodi, ina silikoni, tone dogo tu likibaki rangi inakimbia pale na kuacha vishimo kama macho ya samaki.

Kutu. Hapa usijidanganye. Chukua bisibisi ugonge na kuchokonoa sehemu zinazoficha maji: mfereji wa paa, chini ya milango, pembe za sakafu, nyuma ya madigadi. Ikipenya hilo ni tundu, na tundu linachomelewa bati jipya, halizibwi na puti (ule uji mzito wa kujazia mabonde), kwa sababu puti inanyonya unyevu kwa nyuma na kutu inaendelea kula kimya kimya huku mbele panaonekana pazuri (na ukichomelea toa nyaya za betri kwanza). Kutu ya juu juu ipige brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka uone chuma, ile iliyobaki kwenye vishimo ndo unaipaka dawa ya kugeuza kutu, ikikauka unafuata na prima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayokaa chini ya rangi yenyewe. Dawa peke yake juu ya magamba ya kutu ni kazi bure.

Kama yako ni Land Rover ya zamani habari ni tofauti kidogo, bodi yake karibu yote ni alumini ila chesisi na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi ni chuma. Alumini haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe na rangi inafura malengelenge, hasa pale inapogusana na chuma. Usiipige brashi ya waya wa chuma, inaacha chembe zitakazokuletea shida baadaye. Ikiwa tupu ipake prima ya asidi inayong'ata alumini, mkono (yaani tabaka) mwembamba tu, na usipake puti juu ya prima ya asidi, haishiki vizuri.

Rangi ya zamani kama imeshika vizuri huna haja ya kuitoa yote. Ijaribu kwanza, weka kitambaa chenye tina (kiyeyusho cha rangi) sehemu iliyojificha dakika chache, ikiyeyuka na kuchafua kitambaa ujue ukipiga juu yake rangi yenye tina kali itakunjamana kama ngozi ya maziwa. Panapobanduka piga msasa namba 80, lainisha kingo kwa 180, puti kidogo palipobonyea, halafu 320, prima, na mwisho 400 ya maji juu ya prima. Msasa wa maji usiupige kwenye chuma tupu wala kwenye puti. Na vaa barakoa jamani, rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi ndani yake.

Rangi gani? Zile za kuchanganya na hadina, dawa ya kuzigumisha, ni ngumu na nzuri kweli, ila nyingi zina kemikali iitwayo isosianati, hiyo ikipulizwa inaharibu mapafu na barakoa ya vumbi haisaidii kitu, inatakiwa ile ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Huna, usipulizie. Mimi kwa gari ya porini nachagua rangi ya mafuta ya kupakia chuma, yenye mng'ao wa kati maana mng'ao mkali unatangaza kila bonde la bati, na naipaka kwa rola ya sponji laini. Watu wanacheka wakisikia rola. Nyembamba nyembamba mikono mitatu minne, baada ya kila rola unapitisha brashi laini juu juu kufuta mapovu, muda wa kusubiri kati ya mkono na mkono fuata kopo linavyosema. Ukipulizia kwa bunduki ya rangi, kaa kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, kila mstari ulalie nusu ya uliopita, anza juu kwenye paa ushuke.

Fremu za milango anza nazo, milango ikiwa wazi, kwa brashi. Zikikauka funga milango ndo uende nje. Gazeti la kufunikia pasipopakwa, lishike kwa tepu na uweke tabaka mbili maana tina inapenya moja, funika tairi na diski za breki, mwagia maji sakafu vumbi litulie. Usipake juani, bati la moto linakausha rangi kabla haijatandaa.

Tepu itoe rangi ikiwa haijagumu kabisa, ivute taratibu ukiikunja kurudi nyuma. Ukichelewa, pitisha wembe kwanza kwenye mstari la sivyo itaondoka na rangi. Halafu zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, kila mtu anayasahau, maji yakikaa mle mlango unaoza kuanzia ndani.

Taa na vitasa usivirudishe haraka, mpira wa taa ukikandamiza rangi mbichi utaganda nayo. Mashine ya maji ya presha isahau kwa wiki kadhaa. Rangi iliyobaki hamishia kwenye chupa ndogo ujaze mpaka juu, hewa ikibaki inafanya utando, andika jina la rangi na uiweke kwenye gari pamoja na brashi moja ndogo, maana mwiba wa kwanza hauko mbali.