Namna ya Kuilinda Nyumba ya Kale Mikindani Mchoro wa Mipango Miji Unapobadilishwa

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia bibi mmoja wa Mikindani, ambaye nyumba ya mawe aliyoachiwa na wazazi wake ilikutwa katika mchoro mpya wa mipango miji ikiwa ndani ya eneo la biashara, na barabara imepitishwa pale palipo na baraza. Tangu gesi ya Mnazi Bay ianze kuwaleta wawekezaji, na tangu watu wa Likong'o kule Lindi waone ardhi yao ikitengwa kwa mradi wa kuchakata gesi, kila familia ya pwani yetu yenye kuta za matumbawe ina sababu ya kujua njia hizi mapema. Tingatinga huja mwisho kabisa; uamuzi wenyewe hufanyika mezani, kwenye karatasi, miezi mingi kabla.

Hatua ya 1: Uone mchoro kwa macho yako

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa mipango miji wa halmashauri, uombe kuuona mchoro unaopendekezwa pamoja na tangazo la kubadili matumizi ya ardhi. Andika namba ya mchoro na tarehe ya mwisho ya kupokea pingamizi. Usiridhike na kusimuliwa.

Hatua ya 2: Ioanishe nyumba na kiwanja chake

Barua inayosema "nyumba ya mawe iliyo karibu na msikiti" haina nguvu. Inayotakiwa ni namba ya kiwanja na kitalu. Pima nyumba kwa futi ya kamba, chora umbo lake kwa mkono, na uoneshe umbali wake kutoka kwenye mawe ya mipaka yaliyo karibu. Mimi sizitegemei ramani za simu kwa kazi hii. Michoro mingi ya zamani ya upimaji nchini imejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali kwa namba, ilhali simu hutoa majira (namba za mahali) ya mfumo mwingine, WGS 84, na ukihamisha namba za mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuzigeuza, nyumba itahama kwa zaidi ya mita 200, yaani inaweza kuangukia mtaa mwingine kabisa. Ikiwa ni lazima kutumia majira, mwombe mpima aliyesajiliwa ayageuze.

Hatua ya 3: Thibitisha umri wa nyumba

Hapa ndipo nilipopoteza karibu miezi miwili, kwa hiyo naomba msomaji asiipite hatua hii haraka.

Katika pingamizi letu la kwanza niliandika kwamba nyumba ni "jengo la Wajerumani", kwa kuwa mtaa mzima huiita hivyo. Niliamini kwamba maneno hayo yanatosha kuilinda. Kumbe yaliidhoofisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua kuwa kumbukumbu ya kale jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo hulindwa na sheria hiyo pale tu Waziri anapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Wajerumani waliushika ukanda huu mwishoni mwa miaka ya 1880, na Boma lao la Mikindani ni la mwaka 1895. Kwa hiyo kuiita nyumba "ya Wajerumani" ni kukiri kwa maandishi kwamba ilijengwa baada ya 1863. Pingamizi lilirudishwa, na kwa haki.

Tahadhari ya pili inahusu David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza. Alishuka Mikindani mwezi Machi 1866, na familia kadhaa husimulia kwamba nyumba yao ilikuwapo alipofika. Hata masimulizi hayo yakithibitishwa, yanaonyesha tu kwamba nyumba ilikuwapo miaka 3 baada ya 1863. Ni ushahidi mzuri wa kuegemeza mengine, lakini haujitoshelezi.

Tahadhari ya tatu ni kuusoma umri kwenye jengo lenyewe. Boriti za mikoko hufanya vyumba kuwa vyembamba, kwa kawaida mita mbili na nusu hadi tatu, na wengi huuchukua wembamba huo kuwa alama ya ukale. Lakini mafundi waliendelea kujenga hivyo muda mrefu baada ya 1863. Paa ndilo shahidi dhaifu kuliko yote, kwa sababu makuti na mabati hubadilishwa kila mara. Mimi huanza na maungio ya kuta. Ukuta wa ghorofa uliokaa juu ya ukuta wa chini bila kufungamana nao huonyesha vipindi viwili vya ujenzi, na katika nyumba ya bibi tuliona wazi kwamba roshani na ghorofa viliongezwa baadaye juu ya nyumba iliyokuwapo. Sehemu hizo zielezwe mbalimbali katika maelezo, kila moja na ushahidi wake.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni karatasi: hati za mauziano zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyaraka za wakfu na za mirathi. Zitafute kwenye masanduku ya familia kabla ya kwenda kwingine, na usizitoe nyumbani bila kuzipiga picha. Kumbukumbu za enzi ya Wajerumani zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nyumba inayotajwa humo kuwa kuukuu tayari hukupa hoja ya kwenda nyuma zaidi. Masimulizi ya wazee yaandikwe pamoja na nasaba, nani alimzaa nani na nani alizaliwa chumba kipi, kwa sababu vizazi huhesabika, lakini neno "zamani sana" halihesabiki.

Hatua ya 4: Andika pingamizi lenye hoja mbili

Hoja ya kwanza iwe ya umri. Hoja ya pili isimame yenyewe hata ya kwanza ikishindwa: kwamba chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 mamlaka ya upangaji inapaswa kuwasikiliza wanaoguswa na mpango, na kwamba barabara inaweza kusogezwa. Sisi tuliambatanisha mchoro mbadala, na naamini huo ndio uliosikilizwa kuliko maneno yote. Ikiwa mradi ni mkubwa kiasi cha kuhitaji tathmini ya athari kwa mazingira, hudhuria mkutano wa wananchi na uhakikishe nyumba imetajwa kwenye kumbukumbu za kikao. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 5: Iandikie Idara ya Mambo ya Kale siku hiyohiyo

Usingoje majibu ya halmashauri. Tuma maelezo, vipimo na picha, ukiomba ukaguzi, na kwa sehemu zilizojengwa baada ya 1863 uombe zitangazwe. Nakala ipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Hatua ya 6: Itengenezeni kwa chokaa mkiwa mnasubiri

Nyumba inayomomonyoka huandikiwa kuwa hatarishi, na hapo hoja ya historia hupokewa kwa shida. Zibeni paa kwanza. Kuta zipigwe lipu ya chokaa na mchanga, kamwe si saruji: saruji huufungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, na baada ya masika chache ukuta hubanduka pamoja na lipu yake. Kwa bibi tulibandua saruji ya upande wa baharini kwa patasi ndogo, tukauacha ukuta ukauke kiangazi chote, ndipo fundi mwashi akaanza kuurudishia chokaa kutoka chini kwenda juu.